Diski Haionekani Wakati wa Kuweka Windows: Anzia BIOS, Bisibisi Baadaye

Mwalimu mmoja kutoka Koboko aliniletea laptopu yake hapa Arua, kaiviringisha kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Kabla hajaketi alikuwa keshatoa hukumu: "Fundi, diski imekufa. Nilikotoka wamejaribu kuweka Windows mara tatu, kila mara inasema hakuna diski. Wanataka ninunue SSD mpya."

"Karibu, Mwalimu. Kaa kwanza," nikamwambia.

Nikaiwasha huku nagonga F2, nikaingia BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe inayofunguka kabla ya Windows, na pale ukurasa wa kwanza jina la diski lilikuwa limeandikwa waziwazi: NVMe, aina ya SSD yenye kasi, ya gigabaiti 512. Maiti haitaji jina lake. Jioni ile Mwalimu alipanda gari la Koboko na diski yake ileile, Windows mpya ndani.

Mafundi walionitangulia walichanganya mambo mawili. Tunaposema "diski haionekani", huenda mashine yenyewe haiioni, au mashine inaiona vizuri ila programu ya kuweka Windows ndiyo haiioni. Haya ni magonjwa tofauti, na dawa ya moja haigusi lingine. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, na kabla hujamtajia mteja bei, jua kwanza ni nani asiyeiona.

Hatua ya kwanza: iulize BIOS

Zima mashine kabisa, kisha iwashe huku unagonga kitufe cha BIOS mfululizo. Dell na Acer ni F2. HP ni F10, au Esc kwanza kisha F10. Lenovo za ThinkPad ni F1, au Enter kisha F1. Kompyuta nyingi za mezani ni Delete. Chomeka chaja kabla hujaanza. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii huku betri imechoka, utaongeza tatizo juu ya tatizo.

Ukishaingia, tafuta ukurasa wa taarifa za mfumo au wa hifadhi. Unatafuta jina la diski na ukubwa wake. Vyote viwili. Nimeshaona diski inayojitambulisha kwa jina lakini ukubwa unasoma sifuri, hiyo iko karibu kufa.

Ikiwa jina na ukubwa vipo, usifungue mashine. Soma sehemu inayofuata. Ikiwa hakuna kitu, ruka mpaka kwenye sehemu ya kufungua mashine.

BIOS inaiona, Windows haiioni

Kwenye laptopu zinazoingia kwenye karakana yangu siku hizi, hapa ndipo penye kesi nyingi, na mwenye kosa ni kitu kinachoitwa VMD. Ni mpango wa Intel unaosimama katikati ya prosesa na diski za NVMe na kuzisimamia. Kwenye laptopu zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea, watengenezaji wengi huzitoa kiwandani VMD ikiwa imewashwa. Programu ya kuweka Windows mara nyingi haibebi draiva ya VMD, yaani programu ndogo ya kuongea nayo, kwa hiyo inagonga mlango, haisikii jibu, na inakuandikia kwamba haijapata diski yoyote na kwamba ubofye "Load driver". Ule ujumbe unasema kweli tupu, ila watu wakiona neno draiva wanadhani ni maneno ya mapambo.

Kujua kizazi cha prosesa, soma stika au BIOS. i5-1135G7 inaanza na 11, hicho ni kizazi cha 11. i5-1235U ni cha 12. i5-8250U ni cha 8, na huyo VMD haimhusu. Mtafutie sababu nyingine.

Njia ziko mbili. Mimi naipenda ya draiva, kwa sababu inaiacha mashine kama ilivyotoka kiwandani na haimsumbui atakayekuja kuihudumia baada yangu.

Njia ya draiva. Kwenye kompyuta nyingine, nenda tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, weka namba ya modeli, ingia sehemu ya hifadhi, pakua draiva ya Intel Rapid Storage, kwa kifupi RST. Tovuti ya Intel nayo inayo. Hakikisha toleo unalochukua linataja kizazi cha prosesa yako, kwa sababu matoleo mapya huviacha vizazi vya nyuma. Faili ni dogo, bando la siku moja linatosha na linabaki. Usilinganishe na Windows yenyewe, ambayo ni gigabaiti kadhaa na itakulia bando la wiki.

Sasa pana mtego. Ukipakua SetupRST.exe na kuitupa kwenye fleshi hivyohivyo, programu ya kuweka Windows haitaiona, kwa sababu inatafuta mafaili ya .inf, na hayo yamefungiwa ndani ya ile .exe. Lazima uyatoe. Fungua dirisha la amri kwenye folda iliyo na faili hilo, uandike:

SetupRST.exe -extractdrivers draiva

Itazaliwa folda yenye jina hilo. Inakili kwenye fleshi ileile uliyowekea Windows. Rudi kwenye laptopu ya mgonjwa, anzisha usakinishaji, fika kwenye ukurasa usio na diski, bofya "Load driver", kisha "Browse", ichague ile folda. Utaona jina lenye maneno VMD Controller na namba mwishoni: 9A0B kwa mashine za kizazi cha 11, 467F kwa nyingi za kizazi cha 12. Ichague, bofya kuendelea, subiri. Diski inatokea. Mwalimu alipoiona ikitokea alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza, akauliza kwa sauti ya chini, "Ilikuwa wapi?"

Ikiwa orodha ya draiva ni tupu, toa alama kwenye kisanduku kinachoficha draiva zisizolingana na mashine. Zikitokea nyingi zisizohusu, ama umechukua toleo lisilo lake au ulinakili folda ya juu bila ya ndani.

Njia ya BIOS. Hapa unazima VMD yenyewe. Kwenye Dell, sehemu ya hifadhi, badilisha "RAID On" iwe AHCI. Kwenye ASUS, bonyeza F7 kuingia Advanced Mode, ndani ya Advanced utakuta menyu ya VMD. Acer nyingi hulificha chaguo hili: ukiwa ukurasa wa Main, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja, nalo linajitokeza. Baadhi ya HP hazina chaguo hilo hata ukizunguka menyu zote, kwa hiyo rudi kwenye draiva. Hifadhi mabadiliko kwa F10, anzisha tena.

Njia hii ni ya mashine unayofuta kila kitu. Kama ndani kuna Windows nzima unayotaka kuiacha, labda unaongeza Ubuntu pembeni, usizime VMD kiholela: ile Windows ya zamani itaanguka na skrini ya bluu iliyoandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ukirudisha mpangilio wa awali, kwa kawaida inaamka. Tena, kama diski imefungwa kwa BitLocker, ukigusa BIOS inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Muulize mteja kabla kama anao. Ufunguo huo kwa kawaida unakaa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Ukimuuliza baada ya kubadilisha, hilo si swali tena, ni ugomvi.

Kuna kipimo kimoja cha haraka: anzisha mashine kwa fleshi ya Ubuntu bila kuisakinisha, fungua dirisha la amri, andika lsblk. Linux mara nyingi ina draiva ya VMD ndani yake, kwa hiyo ukiona nvme0n1 na ukubwa sahihi, diski ni nzima na tatizo ni la draiva ya Windows. Usishangae baadaye programu ya kuweka Ubuntu ikikataa kuendelea na kukuambia uzime RST. Hilo halimaanishi diski ni mbovu.

Neno moja kuhusu Windows 7, maana bado kuna ofisi zinaidai kwa sababu ya programu ya zamani ya hesabu: haina draiva ya NVMe wala ya USB 3.0. Kwenye mashine mpya haitaiona diski, na pengine haitaiona hata fleshi iliyoileta.

Ujumbe unaodanganya

Wakati mwingine, mapema kabisa, skrini inasema kuna draiva ya "media" inayokosekana. Watu hukimbilia kutafuta draiva za diski usiku kucha. Mara nyingi kosa liko kwenye fleshi: faili la Windows lilipakuliwa nusu, au fleshi ni ya bei ya chee inayojitangaza gigabaiti 64 na ndani hazipo. Hamishia fleshi kwenye tundu lingine, la USB 2.0 kama lipo. Ikikataa, itengeneze upya kwa programu ya Rufus ukitumia fleshi nyingine. Huu ujumbe haustahili dakika zaidi ya hizo.

Diski inaonekana, lakini Windows inaikataa

Mteja atakuambia ni tatizo lilelile, na silo. Diski iko kwenye orodha, ukiibofya chini inatokea alama ya njano: diski ni ya MBR na mashine inataka GPT, au kinyume chake. Hiyo ni mitindo miwili ya kuandika ramani ya diski. MBR imetoka mwaka 1983 na inaishia terabaiti 2. GPT ndiyo inayokwenda na UEFI, yaani BIOS ya kisasa.

Kabla ya kufuta chochote, angalia umeanzishaje fleshi. Kwenye menyu ya kuchagua pa kuanzia, fleshi moja inaweza kuonekana mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele. Kama diski ni GPT na Windows inalalamika kwamba ni GPT, umeingia kwa mlango wa zamani. Toka, ingia kwa wenye UEFI. Hakuna cha kufuta.

Kama diski ni MBR ya mashine ya zamani na mteja hana chake ndani, bonyeza Shift na F10, kwenye laptopu nyingine ni Fn, Shift na F10, dirisha jeusi lifunguke. Kisha:

diskpart
list disk
select disk 0
detail disk
clean
convert gpt
exit

Mstari wa detail disk, unaoonyesha jina la diski uliyoichagua, hauko kwenye maelekezo mengi unayoyaona. Mimi siuachi, na sababu ni hii. Mama mmoja mfanyabiashara wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, aliniletea kompyuta ya mezani yenye diski mbili: SSD mpya kwa ajili ya Windows, na diski ya zamani yenye madeni ya wateja wake wote. Nilidhani disk 0 ni SSD kwa sababu nimeizoea hivyo. Nikaandika clean. Amri ile haikuulizi kama una uhakika. Inafuta na kukujibu imefaulu. Nilipoandika list disk tena ndipo nikaona ukubwa wa ile niliyoifuta.

Nilizima mashine palepale. Bahati ni kwamba clean inafuta ramani tu, data inabaki chini yake hadi kitu kingine kiandikwe juu. Nilihamisha diski kwenye kompyuta nyingine, nikaendesha TestDisk, programu ya bure, ikaisoma upya ile sehemu ya NTFS na kuirudisha. Kama ningeandika clean all, ambayo inajaza sifuri diski nzima, hapangekuwa na cha kurudisha. Nilimweleza yule mama kilichotokea. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, madeni yale ndiyo ada ya shule." Basi.

Tangu siku ile, kwenye mashine yenye diski zaidi ya moja nachomoa ile isiyohusika kabla ya kuanza. Diski isiyo na waya haifutiki.

BIOS yenyewe haiioni

Sasa shika bisibisi. Chomoa chaja, chomoa betri. Kama betri iko ndani, ichomoe soketi yake mara tu ukifungua mfuniko, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi hivi kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma kwanza, hasa miezi ya kiangazi hapa West Nile ambapo hewa ni kavu na nguo zinarusha cheche.

Anza na jambo rahisi. Chomoa diski, pangusa vipini kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, rudisha kwa uthabiti. Vumbi jekundu la barabara zetu linaingia hata kwenye laptopu ambayo mwenyewe anaapa haitoki nyumbani. Na kama laptopu imesafiri kwa basi la usiku kutoka Kampala, skrubu moja ya M.2, ile SSD ndogo bapa, kulegea si ajabu.

Kwa kompyuta ya mezani, badilisha waya wa SATA, ule wa data wa diski, kabla ya kulaumu diski. Waya ni wa bei ndogo na unachakaa kimyakimya. Jaribu tundu lingine kwenye mazabodi, na ingilio lingine la umeme. Kumbuka kwamba kwenye mazabodi nyingine, ukichomeka M.2, tundu moja au mawili ya SATA hujizima. Diski ya pili ikipotea mara tu ulipoweka SSD, chanzo chake kinaweza kuwa hicho.

Kwa M.2 kuna kosa ambalo huku kwetu linaumiza zaidi, kwa sababu ukiagiza kipuri Kampala na kikaja sicho, umepoteza siku mbili na nauli ya kifurushi. SSD mbili zinaweza kufanana umbo, zote milimita 22 kwa 80, moja ni SATA na nyingine ni NVMe. Zote zinaingia kwenye tundu, zote zinakaa vizuri, na moja haitaonekana kamwe. Yenye mikato miwili kwenye vipini kwa kawaida ni SATA. Yenye mkato mmoja kwa kawaida ni NVMe. Nasema kwa kawaida, kwa sababu zipo NVMe za mikato miwili. Soma lebo. Tena soma maelezo ya tundu la mashine yako: mengine yanakubali NVMe tu, mengine SATA tu, mengine yote mawili. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa, kaka," mwombe aichomeke kwenye mashine mbele yako.

Diski za mitumba zilizotolewa kwenye seva zina visa vyao. Ya kwanza ni SAS. Inafanana na SATA, ila pale SATA ina pengo kati ya data na umeme, SAS imeziba. Waya wa SATA hauingii. Kuna viunganishi vya bei rahisi vinavyofanya uingie, na watu wanavinunua, lakini mazabodi ya kawaida haizungumzi lugha ya SAS hata waya ukiingia. Rudisha.

Ya pili ni ngumu kuigundua: diski ni SATA halali, unaichomeka, haizunguki hata kidogo. Baadhi ya diski za kisasa za seva zinatumia pini ya tatu ya umeme kama swichi ya kuzimwa kwa mbali. Pawasaplai za kawaida zinapeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo wakati wote, na diski inaelewa imeamriwa izime. Tumia kiunganishi kinachotoka kwenye Molex, plagi ya umeme ya zamani, kwenda SATA. Molex haina volti 3.3, diski inaamka. Nilikaa na diski moja ya namna hii wiki nzima naiita mbovu, naizungusha mezani kama gogo la kuwekea chai.

Kujua kama kweli imekufa

Isikilize. Diski ya sahani inayogonga tak, tak, tak, kisha kimya, kisha tena, vichwa vyake vimepoteza njia. Kila unapoiwasha unaiumiza. Kama ndani kuna kitu cha thamani, izime na umwambie mwenyewe ukweli kuhusu bei ya kuokoa data, usijaribu "mara moja tu".

Kama iko kimya, ichomeke kwenye kompyuta nyingine au kwenye kifuko cha USB. Ikionekana huko, tatizo ni la mashine ya kwanza: waya, tundu au BIOS ya zamani inayohitaji toleo jipya. Isipoonekana kwenye mashine mbili tofauti, ndipo nakubali neno "imekufa".

Ikionekana lakini inasuasua, fungua programu ya Disks ndani ya Ubuntu na utazame taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ya diski. Kwa diski za SATA mimi naangalia mistari mitatu: namba 5, sekta zilizohamishwa, 197, sekta zinazosubiri hukumu, na 199, makosa ya mawasiliano. Ya 5 na 197 zikipanda, diski inaoza, usiiwekee Windows ya mtu. Ya 199 ikipanda peke yake, laumu waya.

Kabla hujaikabidhi

Usakinishaji ukiisha, chomoa fleshi na uanzishe mashine mara mbili. Ikirudi kutafuta fleshi au ikisema hakuna pa kuanzia, ingia BIOS uweke "Windows Boot Manager" juu ya orodha. Kisha zima kabisa, subiri dakika chache, washa ikiwa baridi, kwa sababu tatizo la waya uliolegea hujificha mashine ikiwa moto na kujitokeza ikiwa baridi. Folda ya draiva iache kwenye fleshi yako ya kazi, uiandike jina la kizazi: ya kwangu inaitwa VMD_11 na nyingine VMD_12, na mteja wa Koboko akija tena sihitaji bando.